Kaburi la Mpishi Shaibu

Maiti ilikuwa imelazwa kwa adabu, na hilo ndilo lililomtia shaka Inspekta Paskazia.

Katika kazi yake alikwisha kuona maiti za kila namna: zilizonaswa kwenye magugu maji, zilizotupwa kati ya mawe ya mlimani, zilizofichwa kwenye magunia ya pamba. Muuaji huwa na haraka. Akishaua hukimbia, na maiti hubaki kama ilivyoanguka. Lakini huyu aliyelala kwenye bustani ya Nyumba ya Daktari alikuwa amewekwa ubavu wa kulia, miguu imenyooshwa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa uzi, na taya limeshikwa na kipande cha kanga kilichozungushwa hadi utosini. Hata macho yalikuwa yamefumbwa. Kilichoharibu heshima hiyo ni kisogo, maana kilikuwa kimepasuliwa.

"Kauawa, kisha kahudumiwa," alisema Sajenti Nestory, mtu mnene aliyependa kesi nyepesi na sahani nzito. "Hii mpya kwangu."

"Unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu, afande? Ngosha huyu, mchimba mali za Mjerumani. Kachimba milima yote ya Mwanza, hajaambulia hata kifungo cha shati."

Mji mzima uliamini kwamba Wajerumani, walipokimbia vita vya kwanza, walizika masanduku ya rupia na kuacha alama kwenye mawe. Wengi waliamini wakaendelea na shughuli zao. Ngosha aliamini akanunua jembe.

Hatua chache kutoka kwenye maiti palikuwa na shimo jipya, na kando yake sururu yenye damu. Shimo lilichimbwa kati ya mawe mawili yaliyosimikwa ardhini, moja upande wa mashariki, jingine magharibi. Paskazia alipiga magoti akachungulia. Chini ya lile jiwe la mashariki, mifupa miwili ya miundi ya mtu ilikuwa imetokeza udongoni, mikuukuu, rangi ya chai ya rangi.

"Hili halikuwa shimo la mali," alisema. "Ni kaburi."

Aliyepeleka taarifa kituoni asubuhi hiyo alikuwa amesimama penye mlango wa nyumba ya uani, ile iliyojengewa watumishi zamani. Alikuwa mama wa makamo anayeelekea uzeeni, mwembamba, amejitanda kanga hadi puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaburi la nani hili?"

"La baba yangu, Shaibu. Alikuwa mpishi wa nyumba hii wakati wa vita vya Hitla."

"Na huyu nani kamlaza hivi?"

Mama aliitazama maiti kwa mara ya kwanza bila kupepesa. "Mjinga fulani," alisema. "Huoni? Kaipa kibla mgongo."

Nestory alimvuta Paskazia kando. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenusa chakula cha mchana.

"Afande, huyu anaitwa Mboni. Kazi yake kuosha maiti za wanawake Mabatini. Kanga iliyofungiwa taya imechanwa kutoka kwenye kamba yake ya nguo, nimeona pacha yake bado imeanikwa. Na mwezi jana, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, alitamka kwamba atakayegusa kaburi la baba yake atamzika humo humo. Mtu kagusa, kauawa, kalazwa Kiislamu. Kesi imejifunga yenyewe."

"Ndiyo maana siipendi," alisema Paskazia. Hata hivyo alimchukua Mboni hadi kituoni. Asingeweza kufanya vingine.

Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, na chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha dogo tu. Walikaa wakitazamana katika mwanga wa kubahatisha.

"Kazi yako?"

"Nakaanga vitumbua asubuhi. Akifa mwanamke, naitwa."

"Jana Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nilikuwa na homa."

"Nani alikuona?"

"Homa haina wageni."

"Hukusikia mtu akichimba?"

"Nilisikia. Tangu shirika lenye nyumba hii liseme linaiuza, kila siku wanakuja watu. Wa kupima, wa kugonga kuta, wa kupiga picha. Nimechoka kufungua dirisha."

"Ulisema utakayemkuta kaburini utamzika humo humo."

"Nilisema. Ningekuwa na nguvu ningefanya." Mboni alikunja mikono. "Lakini ningemlaza sawasawa."

Paskazia alimtaka aeleze habari za nyumba ile tangu mwanzo, na Mboni alieleza kama mtu anayechambua mchele, taratibu, bila kuacha punje. Aliyeijenga ni daktari wa Kijerumani. Siku vita vya Hitla vilipotangazwa, askari wa Mwingereza walimchukua kikombe chake cha kahawa kikiwa bado mezani, na hakurudi tena. Nyumba akapewa Meja wa Kiingereza aliyekusanya ng'ombe na mchele wa jeshi. Meja aliikuta nyumba na viti, vyombo, mpishi Shaibu na mtunza bustani Obedi, akavirithi vyote kwa pamoja. Kisha ukaja ugonjwa wa ndui. Nyumba ikafungwa karantini, asitoke mtu wala asiingie. Shaibu akafa.

"Nilikuwa mtoto," alisema. "Mama naye alikuwa na ndui, hawezi kuinuka. Hakukuwa na Mwislamu mwingine humo ndani. Aliyemzika baba ni Obedi, peke yake, mama akimwelekeza kwa kupiga kelele dirishani."

"Huyo Obedi yuko wapi?"

"Vita vilipokwisha alirudi kwao, Magu. Sijui kama yuko hai."

Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa hakupenda hadithi ndefu. Aliagiza Mboni awekwe rumande na hati ya mashtaka iandaliwe kabla ya wiki kwisha.

"Mauaji," alisema. "Sababu anayo, kanga yake, kazi yake. Unataka nini zaidi, Inspekta?"

"Kwa nini alazwe kinyume, afande? Anaosha maiti tangu ujana."

"Hasira hupoteza kibla."

Paskazia alipiga saluti akatoka. Kitanzi kilikuwa kinamsubiri mwanamke aliyempa shikamoo asubuhi, na aliona wazi kwamba kila mtu aliridhika isipokuwa yeye na huyo mwanamke.

Alikwenda kwanza kwa mjane wa Ngosha, Evelina, akamkuta amekaa juu ya mkeka katikati ya majirani.

"Pole sana, mama. Nani alimpa Ngosha kazi ile?"

"Hakunitajia jina. Mali ya Mjerumani ukiisema kabla hujaipata, inahama. Alisema tu, safari hii nimepata tajiri anayejua alama. Mawe mawili, moja huku na moja huku."

"Je, mumeo angeweza kufukua kaburi?"

Evelina aliinua macho, na hasira ilikausha machozi. "Ngosha alikuwa mchimba mali, si mfukua wafu! Mara moja kule Busisi alikuta mfupa wa mkono. Alitupa jembe, akatafuta kondoo, akaenda kuomba radhi kwa wenye kaburi. Tulikula madeni kwa ajili ya yule kondoo."

Maneno hayo Paskazia aliondoka nayo. Kama Ngosha aliona mifupa akaacha kuchimba, basi Mboni hakuwa na sababu ya kumuua. Angemshukuru. Mwenye hasira angekuwa yule tajiri.

Kisha akaenda kwa shirika lililomiliki Nyumba ya Daktari. Meneja wake, Chenge, alimpokea ofisini, yeye na suti yake ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye maneno yaliyopangwa.

"Kuna kaburi bustanini, Bwana Chenge?"

"Hakuna. Ramani haina kaburi. Kuna hadithi za mama anayetaka kipande cha uwanja."

"Nimeona mifupa."

"Hata mbwa ana mifupa, afande."

"Nani ananunua nyumba?"

"Mimi. Shirika limetupa wafanyakazi nafasi ya kwanza. Kila kitu ni halali."

"Na huyo mama?"

"Bwana Ardhi alisema, kaburi likithibitika, apewe nyumba ya uani na nusu ya bustani. Lisipothibitika, aondoke." Chenge alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Sasa ataondoka kwa njia nyingine. Namhurumia sana."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kanisani, kisha nyumbani."

"Peke yako?"

"Mke wangu yuko Dar. Je, kukaa nyumbani kwako ni kosa?"

Haikuwa kosa. Ila Paskazia aliona kwamba mtu huyu hakuuliza hata mara moja aliyekufa ni nani, wala ameacha watoto wangapi. Huruma yake ilikuwa ya kuazima.

Sururu ilikuwa na alama ya rangi ya kijani kwenye mpini. Nestory aliitambua: duka la vifaa vya ujenzi la Iqbal, Mabatini. Iqbal naye alikuwa ameomba kuinunua Nyumba ya Daktari akakosa. Tena watu walisema ananunua sarafu za Kijerumani kwa siri. Wakaenda, Nestory akiwa na matumaini mapya ya kufunga kesi kabla ya chakula.

"Sarafu nanunua, siri hakuna," alisema Iqbal, akipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Zipo dirishani, tazama. Sururu ni yangu, nimeuza. Alikuja Meneja Chenge mwenyewe na Land Rover ya shirika. Nikashangaa, bwana mkubwa na sururu wapi na wapi?"

"Wewe ni mshindani wake," alisema Paskazia. "Ukimtaja, nikuamini vipi?"

"Usiniamini. Mimi nilisema toka mwanzo, kaburi lipo, nikipata nyumba nitalizungushia ukuta mzuri. Mama ya watu abaki pale pale. Mwislamu gani atafukua Mwislamu?"

"Bwana Iqbal, ukitaka kuswali kwenye bustani ile utaelekea wapi?"

Mkono wa Iqbal ulinyooka kabla hajafikiri. "Ziwani. Kaskazini, unakunja kidogo kulia. Hata mtoto wa madrasa anajua."

"Na maiti?"

"Kichwa mashariki, ubavu wa kulia. Uso unatazama ziwa."

Paskazia alitoa picha ya mahali pa tukio. Kichwa cha Ngosha kilikuwa magharibi. Uso ulitazama mlima, na mgongo ulilielekea ziwa lote.

"Astaghafiru!" Iqbal aliirudisha picha kama imemchoma. "Nani kafanya hivi?"

"Mtu anayejua kufunga taya, kufunga vidole, na kulaza ubavu wa kulia," alisema Paskazia wakirudi kwenye gari. "Anajua mambo matatu na la nne hajui. Nestory, mtu wa namna hiyo kajifunza wapi?"

"Msibani, afande."

"Msibani angeona watu wanavyoelekezana. Huyu kahadithiwa."

Chenge alipoulizwa kuhusu sururu hakubabaika. Aliinunua kusafishia bustani, akaiacha pale ukutani, yeyote angeweza kuichukua. Jibu lilikuwa zuri, na Paskazia akazidi kumchukia. Alibaki na jambo moja la kufanya, na lilikuwa zito: kupata kibali cha mahakama kulifukua kaburi lote, ili ijulikane kama ni kaburi kweli na la nani. Kwa hilo alihitaji ridhaa ya Mboni.

Mboni alilia rumande kwa mara ya kwanza. "Nimekaa na kaburi hili maisha yangu yote ili lisiguswe," alisema. "Leo unaniomba nikufungulie mimi?"

"Lisipofunguliwa, mama, litafukuliwa na wengine na wewe utanyongwa."

Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Aitwe sheikh," alisema hatimaye.

Walifungua asubuhi, daktari wa hospitali ya mkoa akiwa pembeni na sheikh wa Mabatini akisoma kwa sauti ya chini. Chenge alikuja kwa niaba ya shirika, akasimama mbali chini ya kivuli cha baraza. Askari walichimba kwa mikono zaidi ya majembe. Walianza pale Ngosha alipoishia, penye miundi, wakafuata mapaja, nyonga, mbavu. Mifupa ilikuwa imelala ubavu wa kulia. Fuvu lilikuwa limekaa chini ya jiwe la magharibi.

Sheikh alikatiza kisomo. Alitazama ziwa, akatazama fuvu, akatazama ziwa tena.

"Huyu kalazwa kinyume," alinong'ona.

Mboni alisogea hadi ukingoni. Askari aliyemshika pingu alisogea naye. "Baba," alisema, akainama juu ya shimo. "Baba, tangu vita vya Hitla umeipa kibla mgongo, na mimi nakusomea kila Ijumaa!"

Watu wote walimwangalia yule mama. Paskazia aliangalia kaburi, kisha akaangalia mahali ilipokuwa maiti ya Ngosha, ambapo nyasi zilikuwa bado zimelala. Watu wawili katika bustani moja, miaka hamsini kati yao, wamelazwa kwa kosa lile lile. Ubavu sawa, kichwa upande ule ule usio wake.

"Nestory," alisema polepole. "Aliyemlaza Ngosha kajifunza kwa aliyemzika Shaibu. Washa gari, twende Magu."

Obedi alikuwa hai. Walimkuta nje kidogo ya mji wa Magu, amekaa kwenye kigoda akichambua mbegu za pamba, mzee mkubwa mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu lakini ulimi mkali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Polisi na shikamoo! Dunia inabadilika."

Paskazia alimweleza kwamba wanatafuta habari za nyumba ya mlimani wakati wa vita. Hakumwambia zaidi. Mzee aling'aa kama aliyeletewa mgeni wa miaka mingi.

"Shaibu! Nilimzika mimi. Wengine wote walijitenga naye kwa kuogopa ndui."

"Ulimzika vipi?"

"Kama mkewe alivyonipigia kelele. Funga taya, funga vidole vya miguu, mlaze ubavu wa kulia. Kelele nyingine sikuisikia vizuri, maana yule mama alikuwa anaungua na homa. Kichwa nikakiweka machweo, kama walivyotufundisha wamisionari, ili mtu akifufuka alione jua." Alichora chini kwa fimbo. "Hivi. Sikosei hata leo."

"Umewahi kumhadithia nani?"

"Nani anataka habari za ndui? Mke wangu alikuwa anaziba masikio. Mwanangu ndiye aliyesikiliza. Kila mara, baba nihadithie tena ulivyomzika yule mpishi."

"Mwanao anaitwa nani, mzee?"

"Humjui?" Mzee alicheka kwa fahari. "Meneja mkubwa hapo Mwanza. Chenge."

Nestory, ambaye alikuwa amepewa karanga, alisahau kutafuna.

Kwa hati ya upekuzi walilikagua gari la shirika bila Chenge kujua. Katika sanduku la vifaa, chini ya jeki, Nestory alitoa kipande cha kanga ya Mboni kilichobaki, kimekaukiwa na damu na udongo mwekundu, kana kwamba mtu alijipangusia mikono. Mchimba kisima huingia mwenyewe, alisema, na mara moja hiyo Paskazia hakumkemea kwa methali zake.

Chenge aliitwa kwenye Nyumba ya Daktari aje kukabidhiwa uwanja. Alikuja ametabasamu. Aliona gari la polisi, akamwona Mboni amekaa barazani na askari, kisha akamwona mzee amesimama bustanini, anachora chini kwa fimbo mbele ya Inspekta.

Tabasamu lilianguka. "Baba? Nani kakuleta huku?"

"Hawa wema. Chenge, njoo uwaambie. Si nilikuhadithia? Kichwa huku machweo, ubavu wa kulia. Si ndivyo?"

Upepo wa ziwa ulipita kwenye nyasi.

"Jibu, Bwana Chenge," alisema Paskazia. "Mzee amekuuliza."

"Sijui anachosema. Ni mzee."

"Waislamu wa mji huu huzikwa kichwa mashariki, wote, isipokuwa mmoja. Baba yako hakuijua kibla. Wewe ulitaka tuamini kwamba Ngosha kalazwa na Mwislamu, ukafuata somo pekee ulilokuwa nalo."

"Uvumi."

Paskazia alikunjua gazeti. Ndani yake kilikuwamo kile kipande cha kanga. "Hiki nacho ni uvumi? Kilikuwa chini ya jeki yako."

Mzee Obedi aliitazama kanga, akamtazama mwanawe. Fimbo ilimtoka mkononi. "Ng'wanone, mwanangu," alisema. "Umefanya nini?"

Kwa sauti hiyo Chenge aliishiwa. Alijibu Paskazia alipomsomea onyo, lakini macho yake hayakutoka kwa baba yake.

"Nilimwambia Ngosha kuna sanduku la daktari chini ya mawe yale. Nilitaka atoe mifupa, mimi niitupe ziwani, pasiwe na kaburi tena. Alipoiona akatupa sururu. Akasema anakwenda kumwamsha mama, waombe radhi, atafute kondoo. Nilimsihi. Akanigeuzia mgongo."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Na ukataka huyu mama anyongwe."

"Nilitaka nyumba!" Chenge alipaza sauti mara ya kwanza. "Yote, bila kipande cha mtu! Unajua baba yangu alikuwa nani hapa? Siku mvua ya mawe iliponyesha, alipanda baraza hii kujikinga. Meja akamshusha kwa kiboko, mama yangu akitazama, mimi nikiwa mgongoni mwake. Na kaburi lile, wamemtuma yeye azike mtu wa ndui kwa mikono mitupu, wenyewe wamejifungia ndani wanachungulia. Nilitaka baba alale chumba cha Meja. Nilitaka afungue dirisha asiione ile aibu."

"Aibu ipi?" aliuliza Obedi.

"Kaburi, baba. Walivyokulazimisha."

Mzee alisogea hadi wakawa uso kwa uso.

"Nani kakwambia walinilazimisha? Meja alitaka wammwagie Shaibu mafuta ya taa wamchome na godoro lake. Mimi nilikataa. Nilisimama mlangoni na jembe, nikasema mtachoma na mimi. Shaibu alikuwa akinifichia chakula cha mama yako ulipokuwa tumboni. Katika nyumba hii nilifyeka nilipoambiwa fyeka, nikamwagia maji nilipoambiwa mwagia. Kumzika yule ndilo jambo moja nililolitenda kwa kupenda mwenyewe. Ndiyo maana nilikuhadithia kila siku, Chenge. Nilikuwa najisifu!"

Chenge alikuwa ameisikiliza hadithi ile tangu utoto, na hakuwahi kuisikia. Alikaa chini kwenye nyasi na suti yake ya Kaunda, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa, hadi Nestory alipomwinua taratibu na kumfunga pingu.

Mboni alifunguliwa pingu hapo hapo. Bwana Ardhi alimwandikia nyumba ya uani na nusu ya bustani, na uuzaji wa jengo kubwa ukasimamishwa.

Ijumaa baada ya swala, sheikh na wanaume wa Mabatini walimlaza Shaibu upya, kichwa mashariki, uso ziwani. Mzee Obedi aliomba ruhusa ya kuwapo. Alisimama mbali, kofia mkononi, maana alikuwa amekwisha kuambiwa kosa lake na hakujua kama anastahili kusogea. Mboni ndiye aliyemfuata.

"Nimemkosea baba yako miaka yote hii," alisema mzee.

"Ulikaa naye wengine walipojitenga," alisema Mboni. "Mungu anaona mlango ulioulinda. Kuhusu upande tumesharekebisha." Alimshika mkono akamsogeza hadi karibu, akampa udongo atupie.

Watu walipotawanyika, Paskazia alimkuta mzee amekaa juu ya jiwe, mikono bado ina udongo.

"Mayu," alisema, "wewe unajua sheria. Wakimnyonga mwanangu, watanipa nimzike?"

Paskazia alijua kwamba anayenyongwa huzikwa na gereza, na ndugu hawaonyeshwi kaburi. Angeweza kusema kesi bado ni ndefu, au Mungu ni mkubwa, na mzee angerudi Magu na neno la kushikilia. Lakini mtu huyu alikuwa amesimama mlangoni na jembe. Paskazia alikaa kwenye jiwe kando yake, akamwambia ukweli.